Mpaka Baba Aseme Kwibich

Fon Kano, Dominica
12 Februari 1984

Mdogo wangu Tofil,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi ikukute umelala mahali pakavu. Sisi huku tunapumua. Baba hajambo kwa kadiri ya mtu anayegombana na goti lake kila asubuhi. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja kafa, mmoja anatafuna kila nguo ninayoanika. Bati tulilopigilia baada ya kile kimbunga linavuja tena, upande wa kitanda chako. Nimeweka sufuria juu ya godoro. Usicheke. Kitanda hakina mtu, acha sufuria ilale.

Ma Filomèn ukimwona hapo bandarini na majimbi yake mpe heshima yake, maana kila safari anaificha barua yangu chini ya ndimu wala hanidai kitu. Ila mdomo wake unaujua. Juzi kaniambia, "Vitalie, magunia yangu yote mepesi, kizito ni hiki kibahasha chako."

Haya, jambo lenyewe. Uliniuliza kama Baba ameshalitaja lile neno. Hajalitaja. Mwaka wa tatu sasa tangu asimame pale ukingoni mwa Tou Nwè, dimbwi zima likielea mizoga, akasema mbele ya watu: "Jina la hawa lisitamkwe nyumbani kwangu mpaka nilitamke mimi. Na wewe Tofil, usikanyage kizingiti changu mpaka siku hiyo." Unamjua Baba. Akisema amesema.

Mto wenyewe ulishasamehe zamani. Mwaka wa pili tu walianza kupanda kutoka baharini, wadogo wa kuonekana kwa shida, wakiparamia mwamba wenye maji pale maporomoko. Sasa wamejaa. Watu wanatega, watu wanakula. Jumamosi Ma Klemans jirani akipika mchuzi wake, harufu inapita dirishani kwetu kama vile haijui habari za nyumba hii. Baba anaacha kijiko chini, anatoka nje. Nami nabaki na majimbi yangu na ndizi mbichi, natafuna. Ma Klemans akija hapa anasema "wale wa mtoni". Hata watoto wa shule wakipita wanashusha sauti. Kijiji kizima kinamsitiri Baba, na mimi nimo ndani ya sitara hiyo, sina wa kuzungumza naye.

Andika. Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari sita, nimeihesabu.

Dada yako,
Vitalie

*

Goyave, Guadeloupe
30 Machi 1984

Shikamoo dada,

Barua ilifika inanuka ndimu. Niliiweka chini ya godoro siku mbili kabla ya kuifungua, maana nikishaifungua inakuwa imekwisha. Mimi mzima. Kikohozi cha migombani kimeniacha kwa sababu nami nimeiacha migomba. Msalimie Baba kimyakimya, yaani mkatie tumbaku yake vizuri, usiseme imetoka kwa nani.

Sasa shika kiti. Unajua nafanya kazi gani? Nafuga! Mwana wa Anselm Prosper, fundi wa madema, anafuga hao hao. Kuna mabwawa kumi na manne ya udongo, na wanyama wenyewe ni kamba wa maji baridi walioletwa kutoka Asia huko, wana mikono mirefu ya buluu, wakubwa ajabu, na ladha yao ni ya maji. Tunawarushia vidonge asubuhi na jioni kama kuku. Baba akiona atalia machozi.

Hapa wanaitwa wasu. Wenyewe wanajisifu kwamba maana yake ni mfalme wa chemchemi. Mfalme gani anakula vidonge? Msimamizi wetu katoka Martinique, kwao ni zabitan. Basi kila mchana ni ugomvi kati yake na mama mpishi.

"Lete hao zabitan mezani," anasema msimamizi.

"Zabitan hawapo jikoni kwangu. Wasu wapo. Ukitaka zabitan panda boti uende kwenu."

"Mama, mnyama ni yule yule."

"Mwanamume pia ni yule yule, lakini wangu namwita kwa jina lake."

Wiki jana Mhaiti mmoja akaingilia, akasema kwao huyu ni kribich, karibu kabisa na letu. Meza nzima ikamwangukia kwa kicheko. Dada, mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimuunge mkono. Nikaujaza mkate, nikaufunga. Maana anayesema kwibich hapa ametoka Dominica, na aliyetoka Dominica hana karatasi. Askari hawana haja ya kukuuliza pasi. Wanakuonyesha ndoo, wanauliza hawa nani, wewe unajibu, wanakufunga.

Kwa hiyo nimekuwa mtu wa Martinique. Nasema zabitan. Msimamizi alifurahi sana kumpata mwenzake, akaniuliza kijiji gani, nikakohoa mpaka akachoka kungoja. Nakwepa kula naye. Nakula peke yangu nyuma ya banda la pampu, ndipo pahala ambapo hakuna anayeniuliza kitu.

Unaona mambo? Wewe huruhusiwi kulitamka huko, nami siruhusiwi hapa. Limebaki kwenye barua zetu tu. Kwibich, kwibich, kwibich. Haya, nimepumua.

Lile jingine sikuulizi. Unalijua.

Mdogo wako,
Tofil

*

Fon Kano
17 Mei 1984

Tofil mdogo wangu,

Tumepokea, tumefurahi, nimekucheka peke yangu jikoni mpaka Baba akauliza nina nini. Nikasema moshi. Akaniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Moshi wa siku hizi unachekesha."

Habari za hapa: mvua imeanza. Padri mpya ni kijana, anahubiri kwa ufupi, wazee wamemkasirikia. Baba alianguka kwenye ngazi za kanisa siku ya Pasaka, si sana, ila tangu hapo anatembea ameshika ukuta, na kifua chake kinatoa mlio. Mganga wa zahanati ameangalia, akatoa dawa ya maji. Baba anasema ina ladha ya msumari.

Nataka nikuambie kitu kinachonisumbua. Baba anasuka madema. Tangu Januari. Anaenda kwenye mianzi yake kwa mkongojo, anakata, anachana, anakaa barazani anasuka mdomo wa dema kwa vile vidole vyake, vizuri kabisa kama zamani, koo jembamba ndani, tumbo pana. Akimaliza ananipa nitundike kwenye boriti. Hategi. Hajashuka mtoni hata siku moja. Yamefika kumi na moja juu ya vichwa vyetu, na upepo ukipita yanagongana. Nilimuuliza, "Baba, haya ya nini?" Akasema, "Mikono haijakatazwa kitu."

Ignatius, yule aliyekuja kuniposa, ameoa. Nilikuwa sitaki kukuandikia. Mwanamke wa huko huko Portsmouth, mwalimu. Gari la maharusi lilipita barabara ya juu na ngoma zake, nami nilikuwa naanua nguo. Nimeendelea kuanua. Ma Klemans akanipigia kelele kutoka uani, "Mwache aende, ana miguu ya bata!" Nilicheka kwa adabu. Nina miaka thelathini na mbili, Tofil. Jioni nikimaliza vyombo nakaa na Baba, yeye anaangalia mlango, mimi naangalia taa, na hakuna anayesema kitu mpaka usingizi utuokoe.

Lile jingine usiniulize hata kwa kutoniuliza.

Vitalie

*

Fon Kano
2 Agosti 1984

Tofil,

Sisi wazima. Wewe je? Miezi imepita na kimya.

Ma Filomèn amerudi na barua yangu ya Juni mkononi, haijafunguliwa. Anasema alikuona kwenye barabara ya sokoni Goyave umebeba ndoo, akakuita kwa jina lako mara tatu, ukaongeza mwendo. Mwanamke yule amekubeba mgongoni ulipokuwa na surua! Anasema, "Kama si yeye basi shetani ameazima shati lake." Nikamtetea, nikasema jua lilikuwa kali. Hakuniamini, nami sikujiamini.

Kama umepata ndugu wengine huko, sema. Nitaiondoa sufuria kitandani kwako nipangishe mtu.

Baba hali hata nusu sahani.

V.

*

Goyave
21 Septemba 1984

Dada yangu,

Shikamoo, na ninaiweka shikamoo hii chini kabisa, magotini. Ni mimi niliyeongeza mwendo. Mwombe Ma Filomèn anisamehe kabla sijamwomba mwenyewe. Mimi mzima wa mwili. Baba hali hata nusu sahani, nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imechakaa.

Nitakuambia kisa, usikisome kwa sauti.

Kulikuwa na kijana hapa anaitwa Rawlins, wa Marigot, kwetu Dominica. Alinitambua siku ya kwanza, kwa jinsi ninavyomshika mnyama nyuma ya kichwa, sivyo wanavyomshika hapa. Hakunitangaza. Alinijia tu nyuma ya banda la pampu akakaa, akasema polepole, "Unawaonaje hawa kwibich wa kihindi?" Dada, nilitaka kumkumbatia. Tangu siku hiyo tukawa tunakula wawili. Alikuwa mcheshi, anaimba vibaya, anamtaja mama yake kila sentensi ya pili. Miezi miwili nilikuwa na mtu.

Juni tukatumwa sokoni na ndoo mbili. Barabarani askari, mmoja Mzungu na mmoja mwenyeji. Yule mwenyeji ndiye mbaya, anajua. Hakuuliza karatasi. Akagonga ndoo ya Rawlins kwa fimbo, akauliza kama mtu anayetaka kununua: "Umebeba nini, kaka?" Rawlins alikuwa anafikiria mambo yake. Akajibu alivyojibu maisha yake yote. "Kwibich."

Kisha fimbo ikagonga ndoo yangu. "Na wewe?"

"Zabitan," nikasema.

"Mnafahamiana?"

Nikasema hapana, tumekutana njiani.

Rawlins aliniangalia mara moja tu. Wakamwingiza kwenye gari, ndoo yake ikabaki barabarani, nami nikaibeba pamoja na yangu nikaenda kuuza. Ndiyo sababu Ma Filomèn aliponiita kwa jina langu sokoni nilikimbia. Yule askari alikuwa hatua kumi. Lakini nisidanganye, hata asingekuwepo nadhani ningekimbia.

Sasa nakula peke yangu tena. Msimamizi ananiita "mwenzangu". Kuna siku nzima zinapita sijasema neno ila ndiyo na zabitan.

Nimekuwa nafikiria asubuhi ile ya Tou Nwè. Najua hutaki. Nitaiandika mara moja, halafu basi. Mgeni wako Ignatius na wazazi wake wanakuja saa sita mchana kukuposa, na madema yetu yametoa wanyama wanane, mvua imewaficha. Ukasema, "Tofil, nitaweka nini mezani, aibu hii?" Ukasema, "Dawa ya migomba ipo stoo." Mimi nikabeba mkebe wa kumimina, wewe ukabeba gunia la kuokotea. Tuliingia mtoni wawili, dada. Na jioni wageni walipotapika mpaka mama yake Ignatius akabebwa kwa machela, na Baba akashuka mtoni akaona, nilisema "Ni mimi" kwa sababu nilidhani bado utaolewa.

Sikulaumu. Wala sikuombi umwambie Baba. Mmoja wetu lazima abaki naye, na akijua, atakufukuza hata wewe. Nilitaka tu iandikwe mahali, kwamba tulikuwa wawili. Huku nimejifunza inavyokuwa mtu akisema hamfahamiani.

Tofil

*

Fon Kano
11 Novemba 1984

Tofil mdogo wangu, mwana wa mama yangu,

Pokea salamu zangu na za Baba. Ndiyo, umesoma sawasawa. Za Baba. Kaa chini kwanza.

Mbuzi mzima. Bati bado linavuja. Siku ya wafu nilikwenda makaburini kuwasha mishumaa ya Mama, peke yangu, Baba hakuweza. Kifua kimemshika tangu mwezi wa kumi, analala ameegemea, na mganga aliniambia pembeni, nje ya mlango, kwamba nisimwache akapata baridi na kwamba nimwite kila anayestahili kuitwa. Nikajua anasema nini.

Nilirudi kutoka makaburini nimejaa. Baba alikuwa barazani, dema la kumi na tisa magotini. Barua yako ilikuwa kifuani mwangu, tangu Ma Filomèn anipe sijaitoa. Nikasema, "Baba, nina neno." Akaendelea kusuka. Nikasema yote. Dawa nani alisema ipo stoo. Gunia nani alilibeba. Nilisema nimepiga magoti kama mbele ya padri, mpaka kwenye "Ni mimi" yako.

Baba akavuta uzi wa mwanzi, akaukaza, akaufunga fundo. Akasema:

"Vitalie. Siku ile nani alipika?"

"Mimi, Baba."

"Kwibich akiingia chunguni mzima, mkia wake unakuwaje?"

Tofil, alilitamka. Hivyo hivyo, katikati ya swali. Akajibu mwenyewe:

"Unajikunja. Na akiingia amekwisha kufa?"

"Unanyooka," nikasema.

"Nilitoka kanisani nimechelewa, nikaikuta sahani ya mama wa yule kijana. Mikia yote imenyooka kama misumari. Watu wameshakula. Nikasema moyoni, aliyepika hii ni binti yangu, nimemfundisha mkia kabla hajajua kusoma. Hawezi kuwa hakuona."

Nikamuuliza, nikilia, "Ulijua? Miaka yote hii ulijua?"

"Nilijua kabla ya kushuka mtoni."

"Mbona ulimfukuza yeye tu?"

Hapo ndipo aliposimamisha mikono. Akaangalia mlango, ule mlango anaouangalia kila jioni. Akasema, "Kwa sababu yeye alisema na wewe ulinyamaza. Kama ningesema wewe pia, ningewafukuza wawili, maana neno langu ni neno. Ningekaa na nani humu ndani? Nikanyamaza na mimi. Nimekuwa nangoja uniambie, nipate kumwita. Ulichelewa, mwanangu. Nimesuka madema kumi na tisa nikikungoja."

Nimeandika alivyosema, sikuongeza. Nimelia siku tatu, na leo naandika nikiwa mkavu. Mimi ndiye niliyekufungia mlango, Tofil. Si Baba. Ufunguo nilikuwa nao mdomoni miaka mitatu, nikaogopa kubaki peke yangu, nikakuacha wewe ubaki peke yako. Sina namna nzuri ya kuliandika hili. Nisamehe.

Kesho yake asubuhi alinituma Tou Nwè na dema moja na nazi ya kuchoma iwe chambo. Nilishuka, kijiji kizima kikaniangalia kinywa wazi. Ma Klemans akanifuata mpaka majini amekunja gauni, "Vitalie, wewe, una kibali?" Nikasema kwa sauti, ili wasikie hata wa ng'ambo: "Natega kwibich!" Akapiga makofi, akapiga kelele, wakatoka watu majumbani kama kuna harusi. Nilipata wanane tu, kama siku ile. Niliwaweka chunguni wazima, kila mkia nikaukagua. Baba alikula wawili, akanyonya vichwa, akaacha sita. Nikamwambia kula Baba. Akasema, "Hao wa Tofil."

Wameharibika, nimewatupa. Njoo. Njoo kabla ya Krismasi, na kama unaweza kabla ya hapo, basi usingoje Krismasi.

Vitalie

*

Bandarini, Pointe-à-Pitre
7 Desemba 1984

Dada Vitalie,

Shikamoo. Mzima, nimeshiba, nimekaa kwenye benchi la askari na wamenipa kalamu yao. Usishtuke. Nitakuambia kwa utaratibu.

Barua yako niliipata juzi, mkononi kwa Ma Filomèn mwenyewe. Safari hii nilimwendea mimi, sokoni, mbele za watu, nikamwita kwa sauti. Alinipiga kofi la bega kwanza, kisha akanipa barua, kisha ndimu mbili. Niliisoma pale pale kati ya majimbi. Alinifunika na kanga yake ya kichwa nilie vizuri.

Alitaka nirudi naye kwenye boti lake, chini ya magunia, kama nilivyokuja. Nilifikiria. Baba ananingoja, na kila siku ni siku. Lakini sikutaka kumwingilia Baba mlangoni nimefunikwa ndimu. Na kuna jambo la Rawlins, nisingeweza kupita juu yake.

Basi jana nilikwenda kwenye mabwawa, nikawaaga. Nikamwambia msimamizi, "Bwana, mimi si wa Martinique." Akasema, "Najua. Hakuna mtu wa Martinique anayekohoa hivyo akiulizwa kijiji." Alikuwa anajua tangu Machi! Mama mpishi akanijazia ndoo, akasema, "Peleka wasu kwa baba yako." Nikachukua ile barabara ya Juni, nikaenda nikasimama mbele ya yule askari mwenyeji. Hakuniita. Nilijipeleka.

Akanitazama, akagonga ndoo. "Umebeba nini, kaka?"

"Kwibich," nikasema.

"Unasemaje?"

"Kwibich. Jina langu Théophile Prosper, wa Fon Kano, Dominica, mwana wa Anselm anayesuka madema. Sina karatasi. Na yule kijana mliyemchukua hapa mwezi wa sita alikuwa rafiki yangu. Nilisema simfahamu, nilisema uongo."

Akavua kofia, akajikuna. Akasema, "Miaka kumi na miwili ya kazi, wewe ndiye wa kwanza kujileta na ndoo." Kisha akaniuliza polepole, wakati mwenzake hasikii, kama hao wa mtoni kwetu bado wanapatikana kwa mkono chini ya mawe, maana bibi yake alitoka Dominica, na nyumbani kwao alikuwa hasemi wasu.

Rawlins walimrudisha Julai. Nikitoka kwa Baba nitakwenda Marigot nikamtafute, na akinipiga nitasimama apige.

Boti la kuturudisha sisi tusio na karatasi ni Jumanne. Ma Filomèn anaondoka kesho, hivyo karatasi hii itanitangulia siku tatu. Mwambie Baba asishuke mtoni peke yake, nitashuka naye. Mwambie wa safari hii nitawakamata kwa mkono, mmoja mmoja, hata kama ni wanane. Lile la ufunguo tutalizungumza tukiwa jikoni, wewe na mimi, na mlango wazi.

Barua hii usiijibu, hutanikuta huku. Iondoe sufuria kitandani kwangu.

Tofil